Chumba cha Okoth Kimefunguka

Kaka Okoth,

Kimefunguka! Chumba chako kimefunguka, na tangu jana sijui nimwambie nani kama si wewe.

Lakini kuna habari kubwa zaidi. Nimeolewa. Anaitwa Wafula, fundi wa kuchomea mageti hapa Kawangware, na akicheka, Kaka, nasahau nilichobandika jikoni. Wiki ya tatu hii, na bado nikisikia viatu vyake mlangoni moyo unaruka. Hamkuwahi kuonana, lakini anakuita shemeji kana kwamba mlikunywa chai pamoja juzi.

Ndiye aliyeniletea ile gemu yetu ya vyumba, ya kwenye televisheni. Ya pili! Walitoa ya pili! Unakumbuka kule nyumbani Gatwekera tulivyosukuma masanduku ya kijivu juu ya sakafu ya kijivu hadi stima ipotee? Sasa kuna maji. Ukivuta mnyororo yanapanda polepole, sanduku linaelea, na kivuli chake kinatembea ukutani. Ukigeuza chumba, ukuta unakuwa sakafu, na mstari uliodhani ni pambo unageuka kuwa ngazi. Niliweka chini pad ya kuchezea, nikatazama tu. Wafula akauliza, "Mbona huchezi?" Nikamwonyesha kile kivuli. Mtu alikaa mahali, akafikiria kitu kizuri namna hiyo!

Na inasoma kadi ya kumbukumbu ya gemu ya zamani. Ile yako niliifunga ndani ya leso ya Mama tangu tulipokuzika. Niliichomeka, na vyumba vyote ulivyovibuni mwenyewe vikatokea, vimejaa mwanga ambao hatukuwa nao. Cha mwisho kilikuwa kile ulichonitengenezea nilipomaliza kidato cha nne. Ukikanyaga kibao cha sakafuni, mlango ulio mbali unafunguka. Ukikiacha kibao, mlango unajifunga. Hakuna sanduku la kuweka juu yake. Hakuna chochote! Uliniambia, "Hiki hukiwezi peke yako, Achi," nami nikakasirika. Nilikimbia kutoka kwenye kibao hadi mlangoni mara ngapi, Kaka? Hata ulipolazwa nilikuwa nikirudi nyumbani na kukimbia tena, ili nikuletee habari kwamba nimekiweza.

Nikamsimulia Wafula. Akashika kichwa. "Alisema hivyo hivyo, 'peke yako'? Si basi amekuambia, mrembo! Kinataka wawili!"

Miaka yote hiyo nilidhani unanichokoza. Tulikuwa na pad moja tu nzima. Ya pili, wewe fundi wa redio za mtaa mzima wa Mashimoni, ulisema kila Jumamosi kwamba utaitengeneza. Ulitaka tuingie pamoja, sivyo? Sikuwahi kuuliza.

Hapo nikakwama. Wafula alinyoosha mkono kuchukua pad ya pili, nami nikaivuta mapajani kwangu. Nafasi hiyo ilikuwa yako. Niliogopa nikimpa nitakuwa nimekuondoa. Hakununa. Alisema, "Ni sawa, ni ya shemeji," akaenda kukaanga mayai. Niliutazama mgongo wake pale kwenye jiko, nikampenda hadi nikaumwa.

Jana, tulipotoka kanisani, nilimpa hiyo pad mimi mwenyewe. Alimsimamisha mtu wake wa gemu juu ya kibao, hata mabega yake ya kweli yakakakamaa. "Nenda. Shem ananitazama, siwezi kuteleza."

Sikukimbia. Nilitembea hadi mlangoni, nikapita.

Na ndani, Kaka! Hakukuwa na hazina wala taa za ushindi. Kulikuwa na kibao kingine, kando ya ukuta. Nilichelewa kuelewa. Kisha nikaona ulivyokuwa umepanga: aliyekushikilia mlango, ukishaingia, unamshikilia na yeye. Nikakikanyaga. Mlango ukabaki wazi, na Wafula akaingia, akiruka-ruka kama mtoto. Nililia hadi akazima sauti ya televisheni.

Pumzika sasa, kaka yangu. Umenifundisha jambo ambalo hata padri wa harusi hakulisema vizuri hivyo. Nakuahidi, Wafula hatabaki nje hata siku moja.

Dada yako,
Achi