Kwa Mchunga Konokono Wetu

Mwaka umetuzungukia, mwanetu, tangu homa ikutoe mikononi mwetu, na chumba chako bado kina harufu ya rangi ya kucha.

Ulikuwa mwanafunzi wa uzamili, na kazi yako ya kila wiki ilikuwa konokono. Jumamosi asubuhi, umande haujakauka, uliwaokota chini ya maua ya dirishani kwako, ukawatia nukta za rangi magambani na kuwabeba kwa ndoo hadi ukuta wa mbali. Kisha ukangoja kuona nani ataijua njia ya kurudi. Kaka yako akakuita Mchunga Konokono, na jina likakuganda.

"Nyumba kaibeba mgongoni," baba alikutania. "Sasa arudi wapi tena?"

"Nyumba na kwao ni vitu viwili, baba," ulimjibu, macho kwenye drafti. Ulipoinuka kuwachungulia konokono wako, alikuibia kete. Ulijua. Ulimwachia.

Tunazikumbuka Jumapili zako: mkeka kivulini, sindano za kufumia zikigongana taratibu, mawingu yakipita, nawe ukiimba wimbo usio na maneno. Sweta uliyomfumia kaka ina mkono mmoja mrefu. Anaivaa hivyo hivyo.

Na siku ile mama alipowakuta konokono njiani, akawahurumia, akawaleta nyumbani kwenye beseni.

"Nimewasaidia, mwanangu. Wamechoka."

"Mama, umeniharibia kazi ya wiki nzima." Ukacheka hadi ukakaa chini. Mama akaapa hatawagusa tena.

Wale wa mwisho uliwaachia homa ikiwa imeshakuingia. Mama alikuletea habari zao hospitalini: wa bluu karudi, wa kijani karudi.

"Na wa njano?"

Wa njano alikuwa bado hajaonekana. Kiangazi kizima mama alifagia uwanja akiinua kila jani.

Mvua za kwanza ziliponyesha, alimwona wa njano karibu na bomba, rangi yake imebaki chembe tu, uso kaelekeza dirishani kwako. Kaka akanong'ona, "Mbebe tu, mama. Nani atajua?"

"Mwenye kazi yake atajua."

Akavuta kigoda, akaketi, mikono kaifumbata mapajani. Chai ikapoa. Kivuli cha ukuta kikamfikia, kikampita. Konokono akaja polepole kama usingizi wa mchana, hadi akapotea chini ya maua yako.

Msimamizi wako wa chuoni amemhesabu pamoja na wenzake waliorudi.

Basi pumzika, mwanetu. Wa njano karudi, na hakubebwa na mtu.

Unakumbukwa na mama yako, baba yako, ambaye siku hizi hucheza drafti peke yake na bado anaiba, kaka yako, shangazi zako na wanafunzi wenzako.

Tutakukumbuka kila mvua inyeshapo, na isiponyesha pia.