Sura ya Mwanahawa

Bungu, Kibiti
Jumapili baada ya adhuhuri

Kaka yangu Kondo,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, wewe, wifi Mwanamkuu na Badru, ambaye nasikia sasa sauti imekuwa nzito na hataki tena kutumwa dukani. Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Shemeji yako Nasibu anahangaika na mihogo yake kule shambani Mtunda, na mwanangu Zuhra meno yameota na mdomo haufungi. Mama naye hajambo wa mwili. Wa mwili nasema.

Utashangaa kuona barua wakati simu ninayo. Nimekupigia zaidi ya mara moja nikaishia kukuuliza habari za korosho. Mambo haya nikiyasema kwa mdomo nitalia, nawe utadhani kuna msiba.

Unajua mafuriko yale yalivyoingia nyumbani Mbuchi. Mpunga ulikwenda, kuku walikwenda, na sanduku la bati la mama tulilikuta limelala kifudifudi kwenye tope nyuma ya jiko. Ndani mlikuwa na ile picha moja ambayo mimi nilikuwa nikiisikia tu, marehemu baba na mama wamekaa mkekani, wewe umesimama pembeni, na mama amempakata dada yetu Mwanahawa, aliyekufa mchanga kabla mimi sijazaliwa. Picha ilikuwa imefungwa kwenye nailoni, maji yakaingia, ikanata. Tulipoibandua, rangi ilibaki kwenye nailoni. Baba alipona, mama alipona mabega kwenda juu, wewe ulipoteza miguu yote miwili. Lakini pale kifuani kwa mama, alipokuwa mtoto, palibaki karatasi nyeupe tupu.

Mama hakuulilia mpunga, kaka. Aliililia ile picha. Alinishika mkono akaniambia, wewe si una kibanda cha picha huko Bungu, unawatengeneza watu wa pasipoti mpaka wanapendeza, basi nitengenezee mwanangu. Nikamwambia mama ondoa shaka. Mimi na mdomo wangu!

Nikaiskani, nikaiingiza kwenye kompyuta, nikaanza. Mkeka haukunisumbua, maana ukili unajirudiarudia. Nilinakili upande mzima nikapachika upande ulioliwa. Miguu yako niliichora upya na viatu nimekupa, usinishukuru. Mikono ya mama niliitoa kwenye picha ya arusi yangu, nikaipunguza uzee. Nilipofika kwa mtoto nikakwama. Nikajaribu ile programu ya akili mnemba wanayoisifia vijana, ikaniletea mtoto mwekundu mwenye nywele za singa, utadhani mama alijifungulia Ulaya! Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Picha nyingine ya Mwanahawa hakuna aliyekuwa nayo, na kumuuliza mama mtoto alikuwa na sura gani sikuthubutu, niliona nitamtonesha. Nikasema hili nitalimaliza mwenyewe, nikalimaliza.

Siku niliyompelekea, ikiwa ndani ya fremu na kioo chake, mama aliitazama. Kisha akaipakata. Picha, kaka, akaipakata! Akasema mwanangu amerudi. Majirani wakaja, Bibi Habiba akasema mbona mtoto huyu ni Zuhra mtupu, na mama akamjibu kwamba damu haipotei. Wakalia, wakaomba dua, nami nikapakuliwa wali wa nazi kama mgeni wa heshima. Niliula wote.

Haukupita muda mama akatuma ujumbe kwa Nasibu. Alisema Zuhra ameshaacha ziwa, nyumba yake imekuwa kimya, na kwa kuwa Mungu amemrudishia sura ya mwanawe kwa mjukuu, tumpe amlee. Unajua mambo ya kwetu; bibi akiomba mjukuu, nani atafungua mdomo akatae? Nasibu alisema ni heshima, yeye mwenyewe kalelewa na bibi yake na hakufa. Mimi nilikaa jikoni namtazama mtoto anavyolamba mwiko. Si kwamba namnyima mama. Ningeombwa kwa sababu ya kweli ningemtoa, ningeumia lakini ningemtoa. Sababu hii haikuwa ya kweli, na aliyeitengeneza ni mimi.

Sasa nakwambia, kaka, neno ambalo hata Nasibu sijamwambia. Ile si damu. Ule uso ni wa Zuhra mwenyewe. Niliutoa kwenye simu yangu, picha niliyompiga akiwa mchanga, nikaufifisha rangi, nikautia mikwaruzo, nikauweka kifuani kwa mama. Nimechukua uso wa mtoto aliye hai nikamvisha aliyezikwa. Tangu hapo Zuhra akikohoa tu nakimbia kumtazama kama anapumua.

Siku ya kumpeleka ilipofika nikafunga nguo zake kwenye mfuko, nikampakata kwenye bodaboda mpaka kivukoni, tukavuka kwa mtumbwi, nikamkuta mama anapepeta mchele. Nilisema yote hata sijakaa, nikihofia nikikaa sitasema. Mama hakuacha kupepeta. Alingoja nimalize, akaweka ungo chini, akasema anajua. Alijua tangu siku ile ya kwanza. Kumbe katika ile picha Mwanahawa hakuonekana uso hata kidogo! Mpiga picha alikuwa mtu wa kupita, mtoto hajatoka arobaini, na baba kwa kuogopa jicho la hasidi alivuta kanga ya mama akamfunika gubigubi. Uso wowote ambao ningemletea, mama angejua si wa pale.

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Hapo mama akaanza kulia. Alisema sura ya Mwanahawa imemtoka. Haikumbuki. Zamani alikuwa akifumba macho anamwona, miaka ikaenda, akawa anaiona kanga tu. Hakuwahi kumwambia mtu, baba amekufa bila kujua, maana angesemaje? Mama gani anamsahau mtoto aliyemzaa? Nilipomletea uso, akasema moyoni na awe huyu, ili akimwombea dua awe na mtu wa kumtazama. Na Zuhra alimtaka karibu yake, asije naye akamtoka.

Tulilia, kaka, mpaka Zuhra naye akalia na hajui analia nini. Kisha mama akaniambia nirudi na mwanangu. Nilimbembeleza akae naye walau siku chache, akakataa katakata. Akanipa na picha, akaniagiza niirudishe ilivyokuwa.

Nimeirudisha. Kanga ya mama ilikuwa imesalia begani, nikainakili, nikaivuta kidogo kidogo, kidevu, mdomo, pua. Nilikuwa namfunika binti yangu, Kondo. Nilipofika machoni nilizima kompyuta nikaenda nyumbani kumshika, ndipo nikarudi kumaliza.

Sasa ombi langu. Waliomwona Mwanahawa na bado wako hai ni mama na wewe tu. Mama anasema ulikuwa huishi kumfunua umchungulie, mpaka ukachapwa. Kama unakumbuka chochote, paji la uso, sikio, alivyokuwa akikunja mdomo, usiniambie mimi. Mpigie mama umweleze taratibu, yeye afumbe macho asikilize. Usibuni, nakuomba, kubuni nimeshabuni mimi na umeona yaliyotokea. Na kama nawe amekutoka, usimwambie. Mjulie hali kama siku zote, nami unijibu tu kwamba barua imefika.

Wifi mpe salamu zangu nyingi, na Badru mwambie shangazi yake anamkumbuka. Nasibu anakusalimu. Zuhra anakusalimu, yupo hapa miguuni pangu anachanachana karatasi. Mungu atuwekee mama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Hajira Mohamedi