Mama, Banda Limepoa Kweli?

Shikamoo mama yangu,

Natumai barua hii inakukuta umeketi barazani, goti limetulia na sukari haijakusumbua. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa kichwa. Hakiumwi, kimechanganyikiwa tu. Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu kila nikianza kukuuliza jambo, wewe waniuliza nimekula nini. Anakuletea barua hii mwenzangu wa Msambweni anayekuja likizo. Mpe chai, lakini usimuulize kama nimepata mchumba. Hajui.

Jambo lenyewe ni hilo banda letu la nailoni la kukuzia nyanya hapo Gazi.

Wakumbuka tulivyopanga: banda likizaa, nyanya ziuzwe kwenye hoteli za Diani, nami niage huku Uarabuni nirudi nyumbani kabisa. Sasa mkubwa wangu wa kazi anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, naongeza mkataba au nafunga mizigo. Sijui nimwambie nini, maana habari zinatoka nyumba moja na hazifanani.

Wewe waniambia, "Mwanangu, mle bandani kumepoa, hata sitamani kutoka." Mdogo wangu Mwanamisi naye anitumia picha za nyanya zilizoota ukungu, na sauti yake inahema: "Kaka, humu ni jikoni! Nikifungua maji ndiyo nazidi kutoka jasho." Nimezirudia sauti zenu mpaka wenzangu chumbani wamenikataza. Ama mmoja wenu ana homa, ama mimi nina wazimu.

Maana huku shambani kwa mkubwa banda kama hilo linafanya kazi, naliona kwa macho yangu. Nje jua lachoma hata kitasa cha mlango hakishikiki. Upande mmoja wa banda kuna ukuta wa makaratasi magumu, maji yanautiririkia kutoka juu. Upande wa pili feni kubwa zinavuta hewa ipite kwenye ukuta ule ulioloa. Ukiingia, watamani shati la mikono mirefu, na matango yamenawiri. Ndiyo nikawaambia mfanye vivyo hivyo: makumbi ya nazi badala ya makaratasi, zile feni kuukuu zilizotolewa hotelini, na ukuta uelekee baharini upate upepo mzuri. Kwa hilo la baharini nilijiona fundi hasa.

Basi juzi upepo wa huku ukageuka, ukavuma kutoka pwani. Fukuto, mama, we acha tu. Siku zote shati langu hukauka kabla sijamaliza kuanika la pili. Siku hiyo nguo za asubuhi nilizianua jioni zingali mbichi. Nikaingia bandani: maji yanatiririka, feni zinanguruma, na joto ni lile lile la nje. Majani yamelegea. Nikadhani pampu imekufa, nikaikagua, nzima. Nikamwita mkubwa. Akatazama mbingu, akasema kwa Kiarabu chake cha haraka, "Leo hewa imeshiba maji, haipokei tena." Akaenda zake kunywa kahawa.

Ndipo nilipoukumbuka mtungi wako wa maji ya kunywa. Siku za fukuto ulikuwa ukichota kwa kata, ukaonja, ukasema, "Leo mtungi umekataa." Nasi tukikucheka, tukidhani mtungi una hasira. Kumbe ni jambo lile lile! Maji hupoza yanapokauka, na hapo Gazi, baina ya mikoko na bahari, hewa ina nafasi gani ya kukausha kitu? Nami nikawaelekeza huko huko baharini. Labda kule Kinango kwenye ukavu lingekubali. Hata hilo sasa sina hakika nalo.

Kwa hiyo ung'oeni ukuta wa makumbi, mfungue nailoni pande zote upepo upite, juu mweke chandarua cha kivuli. Nyanya zilizooza zitupwe mbali. Na Mwanamisi anisamehe, nilimwita mvivu wa kufungua mfereji.

Lakini hapa ndipo ninapopotea kabisa. Mtungi nimefunzwa na wewe. Hakuna hapo nyumbani ajuaye joto na baridi kukushinda. Mwanamisi aniambia kila alasiri wewe waingia mle, waketi kando ya ukuta, wajipepea kwa upindo wa leso, kisha ndiyo wanipigia kuniambia kumepoa. Mama, ulikuwa ukilowa jasho huku waniambia hivyo? Nimelia, sikufichi.

Nisalimie shangazi wa mahamri, na fundi aliyepigilia mbao, mwambie kazi yake haina kosa. Mjomba mlinzi wa Diani aliyetutafutia feni mpe salamu nyingi, na feni moja arudishiwe akaiweke kwenye kibanda chake cha lindo.

Mkubwa nimemwambia anisubiri, na jibu lake liko kwako. Ukinipigia, usinitajie banda wala nyanya. Kama wataka nirudi, mama, niambie nirudi.

Mwanao akupendaye, ajaye kwa neno lako,
Bakari