Drani, Wamekurudisha Mbele ya Bei ya Muhogo

Drani rafiki yangu,

Mimi sasa iko na miaka sabini na nane. Nimezika serikali nyingi, redio tatu, meno karibu yote, na wewe. Serikali zikifa sikusumbuka. Wewe umenisumbua.

Kalamu nimeshika mwenyewe. Zubeda, binti yangu, alitaka kuniandikia, nikakataa. Mutu anaandikia rafiki yake na mkono yake.

Tangu uende, ile grupu ya wakulima wa Koboko na Arua imejaa mpaka simu inalia kama ndama. Habari zinatoka kama kumbikumbi mvua ikikatika. Zamani wewe ndiye uliyezipepeta. Ulinitumia sauti kutoka Dadamu, unasalimia kwanza nyumba yangu yote, mbuzi, mguu yangu mbaya, halafu mwishoni kabisa unatoa habari na kusema: "Hii ya macho," au "Hii ya masikio tu." Muhogo sikuuza mpaka useme ya macho, umeona mwenyewe.

Sasa Zubeda ameweka ndani ya simu wafanyakazi wasio na mwili. Programu, anasema. Mmoja anapanga: bei, mvua, matanga. Mwingine anauliza simu za wenzetu, nyinyi mnashika nini, mnatupa nini. Wa tatu anaficha takataka. Wanakubaliana wao kwa wao kama wazee wa kikao, ila chai hawanywi. Mimi nilielewa mara moja. Koboko nzima hakuna mzee mwingine aliyeelewa.

Halafu siku moja nikakutafuta, haupo. Sauti zako zote wamezitupa pamoja na matangazo ya dawa ya nguvu za kiume! Kumbe watu walikuwa wanakuacha kwenye salamu, hawafiki mwisho. Simu zao zikasema: huyu hana habari. Na vya takatakani, mwezi ukiisha, vinafutwa. Nikabonyeza "muhimu" mpaka kidole kikauma. Zubeda akasema, "Baba, wewe peke yako hawakusikii. Wanasikia wengi."

Hawanisikii! Mimi? Nikapanda boda. Kuluba, Midia, mpaka kwako Dadamu. Kila mutu nikamkalisha, asikilize mpaka mwisho, abonyeze. Mke wako Ayikoru alicheka, akanipiga bega: "Taban, marehemu anagombea kiti gani?" Halafu akasikiliza. Ulikuwa unauliza habari ya mbuzi wangu. Akabana simu kwenye sikio, akageukia ukuta. Hakunirudishia upesi, nami sikudai.

Wamekurudisha, Drani. Asubuhi nikifungua, uko juu, mbele ya bei ya muhogo. "Na mguu iko namna gani?" unauliza. Pale unanyamaza kidogo, unapumua. Mimi najibu. Zubeda ananiangalia, lakini najibu tu. Bado mbaya, Drani. Wakati wa baridi ni mbaya zaidi. Halafu wewe unaenda kwa mbuzi, kama kwamba umenisikia.

Lala, rafiki yangu. Mimi kila habari nitakayotuma, nitasalimia kwanza nyumba ya mutu mpaka wanichoke, na mwishoni nitasema ni ya macho au ya masikio. Hao wafanyakazi watajifunza, watake wasitake.

Najua utasema Taban anajisifu tena. Ayikoru yuko, ni shahidi, simu aliishika yeye. Zubeda yuko, ananisikia kila asubuhi.

Hii yote ya macho.

Taban, wa Kuluba