Bustani Iliyomuua Mama Sikio

Kambini, Tunduru

Mama, shikamoo.

Usishtuke kuona mwandiko huu, sijafa. Ni mimi Restituta, na najua huu ni mwaka wa nne sijakuandikia wala kupokea simu yako. Kaka Deo ananiambia goti linakusumbua kila baridi ikiingia, na kwamba bado unakwenda misa ya kwanza kwa miguu. Linaendeleaje sasa? Na kifua? Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa sababu kwenye simu ningekata kabla sijafika ninapotaka kufika, nawe hasira zangu unazijua, umezizaa mwenyewe. Vaa miwani usome peke yako. Usimpe Deo akusomee.

Kazi yangu ni ileile, kuwapikia askari wa wanyamapori. Ugali na maharage, Jumapili wali. Jua la huku ni adhabu kwa mtu aliyezoea baridi ya Sumbawanga. Maji tunachota bwawani, na bwawa tunagawana na tembo. Kambini wananiita dada mpishi. Sikumwambia mtu yeyote kwamba niliwahi kuitwa mama wa fulani.

Mwaka wa kwanza niliishi kama gogo. Unakumbuka msibani sikulia hata tone, watu wakanong'ona kwamba nina roho ya jiwe. Nilichofanya ni kukunyooshea kidole mbele ya waombolezaji wote nikasema, "Wewe ndiye uliyeniulia mwanangu." Ulikuwa umekaa chini kwenye mkeka. Hukunijibu. Nilikuwa nimekuachia Skola wangu ili nikauze nguo Majengo, nawe ukatoka uani kuchukua kuni huku pipa la pombe ya kimpumu linachemka jikoni, na mtoto wa miaka mitatu yumo humo jikoni, likammwagikia. Deo anasema hukupika tena pombe tangu siku ile, hata mitungi uliigawa. Nilipoambiwa hivyo nilisema, "Na afe njaa." Nilisema hivyo, mama. Sitaki kukuficha.

Sasa, huku kuna tembo jike mmoja mwenye sikio lililochanika, askari walimwita Mama Sikio. Ndama wake alifia kando ya bwawa, sijui ugonjwa gani. Alisimama naye siku tatu. Alikuwa akimnyanyua mguu kwa mkonga, mguu unaanguka, anaunyanyua tena. Mimi nipo ng'ambo nasugua masufuria. Mchana wa tatu akamrushia udongo, akavunja matawi akamfunika, akaenda zake. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Mwenzangu, wangu aliitwa Skola." Jina hilo sikuwa nimelitaja tangu makaburini. Machozi hayakutoka, lakini siku hiyo nilikula nikashiba.

Tangu hapo akija kunywa, mimi na yeye tunaongea. Yaani mimi naongea, yeye anapepea masikio. Nilimwambia yote, hata wewe nilikusengenya vya kutosha. Kumbe alikuwa na mimba tayari; kiangazi kilichofuata akaja na ndama mpya, mtundu huyo, anakanyaga vyombo vyangu na kukimbilia chini ya tumbo la mama yake. Nilicheka. Nikaanza hata kuimba jikoni, askari wakasema mpishi kaolewa na tembo. Nilikuwa napona, mama, nakwambia kweli.

Basi sikia ujinga wangu. Nilikumbuka nyumbani, nikashika jembe nikalima bustani nyuma ya jiko kwa kilimo chetu. Nikakata nyasi, nikazikunja, nikazifukia kwa udongo, nikainua vilima vya ntumba kama ulivyonifundisha. Watu wa huku wanalima sesa, shamba tambarare bila matuta. Wakanicheka, "We Mfipa, unazika nyasi au unazika mtu?" Nikawaambia subirini. Zile nyasi zikaoza ndani, zikashika maji, nami namwagia maji ya vyombo juu yake. Kiangazi pori lote limekauka kabisa, bustani yangu ina mahindi mabichi na maboga. Nilijisifu, we! Nilitembea kambini kidari mbele.

Mama Sikio akaja kula. Sikumfukuza. Nikamwachia safu nzima, na maboga nikawa namkatia mwenyewe naweka ukingoni. Askari mmoja mtu mzima, baba wa watu, aliniambia mara mbili, "Dada mpishi, usimzoeze chakula cha watu. Unamtafutia kifo." Nikamjibu kwamba yeye hajui uchungu wa mama. Nilimjibu hivyo kwa kiburi kabisa.

Mahindi na maboga yalipokwisha, yule tembo hakurudi kwenye majani. Alikuwa ameshaonja. Alfajiri moja aliingia kijijini, akabomoa ghala la mzee mmoja, mzee akatoka kupiga debe, tembo akamrusha akamvunja paja. Siku mbili baadaye akarudi tena na mwanawe. Askari wakampiga risasi. Niliwapikia chai kabla hawajatoka, sikujua wanakwenda kumfuata nani.

Mkuu wa kambi aliporudi alisimama mlangoni mwa jiko, akasema mbele ya wenzake wote, "Huyu tembo umemuua wewe." Nilikuwa nimeshika mwiko. Ningejibu nini? Kwamba nilimpenda? Hapo ndipo nilipokuona wewe kwenye ule mkeka, kimya. Nilikwenda kwa yule mzee na unga na sukari. Mkewe alipokea, hakunipa kiti.

Tembo wenzake Mama Sikio walikuja baadaye, wakasimama pale alipoangukia. Walipitisha mikonga juu ya udongo taratibu, ndama yupo katikati yao. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Mimi ningekuwa tembo ningetafuta wa kumsukuma.

Kesho yake ndama akaja nyuma ya jiko, peke yake, anatafuta maboga. Mkuu akaniambia, "Wewe ndiye uliyemzoeza, wewe ndiye utakayemfukuza. Asipotuogopa, naye tutampiga." Nikang'oa bustani yote, nikasawazisha vilima. Nikachoma pilipili na kinyesi cha tembo, moshi umwingie puani. Nikagonga mifuniko. Akasimama tu ananitazama, akanyoosha kamkonga kake. Basi nikaokota mawe. Nilimpiga, mama. La tatu lilimpata jichoni, akalia kilio cha mtoto, sina namna nyingine ya kukieleza. Siku nne nilimpiga. Siku ya tano hakuja, askari wakamwona mbali, yuko pamoja na wenzake, na aliposikia sauti ya watu alikimbia. Wakanipongeza. Nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia la maharage, nikamlilia Skola mpaka kanga ikalowa. Miaka minne, yote siku moja.

Sijakusamehe, mama. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nakudanganya, na mimi mwenyewe sijajisamehe. Lakini lile neno nililokuambia mbele ya watu nalifuta, kwa sababu nami nimeambiwa, na nimejua linavyokaa mwilini. Nakuja kabla ya mvua za kwanza. Usichinje kuku, usiite watu. Twende makaburini wewe na mimi, tusimame. Usiniombe radhi, nami sitakuomba. Tukirudi, unipe jembe, tutafukia nyasi pamoja.

Wafikishie salamu kaka Deo na shemeji, Deo mwambie asante kwa kunipa habari zako hata nilipomtukana. Mama mdogo wa Malangali namwamkia, na katekista aliyeongoza sala za maziko naye pia. Mwambie sikumshukuru siku ile, namshukuru sasa.

Deo anasema majirani waliacha kukuita Bibi Skola, wanaogopa kukuumiza. Waambie waanze tena. Nami naanza leo.

Bibi Skola, pokea barua hii kutoka kwa mwanao,

Mama Skola