Radi Achelewa Kufika

Buyenzi, Bujumbura
Tarehe 9 Machi 2002

Mpendwa kaka Chabani,

Assalam aleikum. Kifua chako kimepoa huko Kigoma? Wifi Sijaona na watoto wazima? Sisi tuko, alhamdulillahi. Mama anatembea vizuri, ila risasi zikilia upande wa milimani hataki kula.

Nataka habari ya katuni zangu uisikie kwangu kwanza. Shujaa wangu Radi, yule anayeruka juu ya mji na kushinda kila mara, nimembadilisha. Mwezi wa kumi jirani yetu Moubarak, fundi wa magari, aliuawa basi alilopanda liliposhambuliwa njiani. Baada ya matanga sikuweza tena kumchora Radi akicheka. Nilimchora akifika wakati basi limekwisha kuungua, watu wakimwuliza alikuwa wapi.

Marcellin, mwenye gazeti linalochapa katuni zangu, alikataa. "Watu wanataka kusahau," aliniambia. Basi nikatoa fotokopi mwenyewe nikazigawa sokoni.

Siku ya tatu Houda, mjane wa Moubarak, akaja na karatasi mkononi. Sikuwa nimemwomba ruhusa.

"Hii basi ni ya bwana yangu?"

"Ni yake. Unisamehe, sikukuuliza."

Alikaa, akaitazama tena. "Haujamaliza. Huyu mutu wako alichelewa, sawa. Kisha alifanya nini? Kwangu watu walikuya, wakachota maji, wakalala na mi siku saba. Umuchore na yeye achote maji."

Nilichora hivyo. Radi, na nguvu zake zote, amebeba bidoni mbili za maji kwenda nyumba ya wafiwa, kichwa chini. Nilimpelekea Marcellin, akaichapa bila kufuta mstari.

Tangu hapo wachoraji wengine wanafuata. Ingrid, mwanafunzi wa Mutanga, ana shujaa anayeogopa. Hugues wa Ngagara naye amejaza kurasa zake damu tupu, na juzi aliniuliza afanye nini shujaa wake aguse watu zaidi. Nilimwambia aweke kalamu chini kwanza, aende akae na wafiwa. Alikasirika kidogo. Jana alikwenda.

Mama anakusalimu sana, na Houda pia. Mbusu Mohamadi mdogo kwa ajili yangu. Mungu awalinde na awape riziki ya halali.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Asiya