Taa Zisizovua Ndakala

Kwenye meli, mto Rhin, tarehe 2 Mei 2024

Mama yangu mpenzi, na Papa,

Nawasalimu sana. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu inavimba jioni. Na ninyi je? Kiuno cha Papa kinaendeleaje, na mihogo ya mlimani imetoka?

Nimepata kazi. Shangazi Godelieve alinisindikiza kutoka Bruxelles mpaka kwenye meli. Kazi yenyewe ndiyo sijui niieleze vipi. Meli ni ndefu, lakini haibebi mzigo. Abiria ni wazee wa Ulaya, na hawaendi popote. Wanapanda, wanazunguka siku nane, wanarudi pale pale walipopandia. Mchana nawatandikia vitanda. Jioni meli yote inawashwa taa, chini mpaka juu, wanakunywa divai, mtu anapiga piano, wanacheza polepole wameshikana. Juu ya milima kuna ngome za zamani, nazo zimemulikwa taa. Tukipita, wote wanakimbilia madirishani, «Ooh!», kisha wanarudi kucheza. Nilimuuliza mwenzangu wanasherehekea nini. Akasema hakuna.

Nitalala humu melini mpaka katikati ya Novemba. Papa anieleze, yeye ndiye mtu wa maji na wa taa za kuvulia.

Binti yenu, Ketsia


Swima, 18 Mei 2024

Ketsia mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Kiuno cha Papa kinamsumbua akiwa nyumbani tu. Akishaingia kwenye mtumbwi hakisikii, kwa hiyo unajua mwenyewe anapenda kukaa wapi.

Mwalimu Casimir alinisomea barua yako mara mbili kwenye simu yake, na bado sijaelewa. Hii nayo ataipiga picha leo Jumamosi akienda Baraka sokoni, aitume, maana huku Swima mtandao hakuna.

Papa alicheka mpaka akamwaga chai. Akasema: «Umuulize, ile bateau iko na taa yote ile, inakamata nini? Mabeseni ngapi? Kama haivue, bazime, banaharibu mafuta bule!» Nikamwambia labda samaki wa huko wanaogopa mwanga. Akasema: «Basi benyewe balale.»

Mimi nina swali jingine. Unalala juu ya maji kila siku ya Mungu? Hata wavuvi wetu wanarudi asubuhi. Ule vizuri, na usisimame ukingoni.

Mama yako

Papa anaongeza kwa mkono wake, vumilia mwandiko:

KETSIA. NIKO. PAPA.


Kwenye meli, 5 Juni 2024

Mama, Papa, wazazi wangu,

Hamjambo? Mimi sijambo. Jibu kwa Papa ni hili: hata beseni moja.

Sasa sikilizeni. Jana mpiga piano aliugua. Mkubwa wa tafrija akauliza nani anaweza kuimba, na mwenzangu akanisukuma mbele. Kichwa kikawa kitupu. Nikaimba ule wimbo wa Papa wa kuvuta nyavu. Mama, walicheza! Wimbo wa kuvutia ndakala, vidagaa vya ziwani, na wazee wa watu wanazunguka wameshikana viuno. Sikujua nicheke au nione haya.

Wamenipa kila Alhamisi niimbe. Shida ni kipande cha mwisho, sikijui. Utotoni nilikuwa nausikia kutoka ufuoni, upepo unachukua mwisho wake, au usingizi unanichukua mimi. Papa, niandikie. Tena uniambie kama unakubali niuimbe humu. Usipotaka, nitaacha.

Binti yenu, Ketsia


Swima, 22 Juni 2024

Ketsia,

Salamu. Hujambo? Sisi tuko. Mihogo imetoka. Kiangazi kimeanza na upepo wake.

Barua yako nimeipata. Niambie jambo moja: umeshashuka kutoka majini? Kama bado, utashuka lini? Mengine yote yangoje, nijibu hilo.

Mama yako

T.S.V.P.


Kwenye meli, 1 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Ninyi sijui, maana ulisema «tuko» tu.

Chini ya barua yako kuna T.S.V.P., ile ambayo walimu walikuwa wanaandika chini ya mtihani ili tugeuze karatasi. Nimegeuza simu huku na huku kama mjinga. Ukurasa wa pili haukufika. Casimir alisahau kuupiga picha? Na mbona Papa hakuweka «niko» yake? Nilimuomba kipande cha wimbo, sijapata hata salamu. Amekasirika kwa sababu nimeufanya wimbo wake kitu cha kupigiwa makofi? Aniseme, nitamsikiliza.

Kazi inaisha tarehe 15 Novemba, si kabla ya hapo. Mbona unauliza?

Ketsia wako


Swima, 27 Julai 2024

Mwanangu Ketsia,

Nakusalimu. Ile T.S.V.P. ni mazoea ya Casimir. Tangu siku hiyo ananiandikia yeye, mkono wangu unauma. Usihangaike nayo.

Papa hana hasira nawe, hata kidogo. Wimbo uimbe. Kipande cha mwisho mimi sikijui, ni cha wanaume wakiwa ziwani.

Novemba ni mbali sana. Nilifikiri labda utashuka mapema. Basi nitangoja. Siku hizi nalala kwa dada yangu, nyumba yetu ina upepo mwingi.

Mama yako


Kwenye meli, 20 Agosti 2024

Mama, na Papa kama anasoma,

Nawasalimu. Mwili ni mzima, moyo umechoka. Sielewi kitu. Papa hana hasira lakini hasemi. Mkono wako unauma lakini hutaji dawa. Unangoja Novemba kana kwamba mimi ni mfungwa. Wimbo nimeuacha. Kila Alhamisi nilikuwa nafika pale pale unapokatika, nasimama, wazee wanapiga makofi wakidhani ndio mwisho.

Leo saa nne tulishuka kama kila siku, kuwapeleka kutazama ngome. Nimemsukuma bibi mmoja kwenye kiti chake cha magurudumu njia nzima ya mawe, mpaka viatu vikajaa vumbi. Juu kule akaniuliza nyumbani kwetu kuna nini cha kutazama. Nikasema kuna baba yangu, usiku, na taa yake. Nikalia mbele ya wageni, Mama. Niambieni kosa langu.

Ketsia


Swima, 7 Septemba 2024

Mtoto wangu,

Vumbi gani? Nilimwambia Casimir arudie hapo. Akarudia. Vumbi, njia ya mawe, kila siku saa nne!

Unajua sisi watu wa ziwa tulivyo. Mtu aliye majini haambiwi habari mbaya ya majini. Hata mitumbwi ikikutana huko nje, mwenye habari ananyamaza mpaka wote wakanyage mchanga. Wewe uliandika kwamba utalala melini hadi Novemba. Nikakuona uko majini moja kwa moja, usiku na mchana, na maji yanakusikiliza. Ndiyo maana nilikuwa nauliza kama umeshuka. Kumbe unakanyaga nchi kavu kila siku, na mimi miezi hii yote nameza peke yangu. Nisamehe. Nilikudanganya kuhusu mkono, na kuhusu ukurasa.

Ukurasa wa pili upo. Casimir ameutunza ndani ya kitabu chake cha majina ya wanafunzi. Anautuma leo pamoja na huu. Shuka kwanza. Nenda mbali na maji, ukae chini, ndipo uufungue.

Mama yako


(Ukurasa wa pili, 22 Juni)

Ketsia, ukisoma hapa, umeshuka.

Usiku wa tarehe 8 Papa alitoka na wenzake watatu. Mwezi ulikuwa mchanga, ukazama mapema. Nilikuwa ufuoni nahesabu taa za mitumbwi, unanijua. Zilikuwa tisa. Saa nane upepo wa kusini ukapiga, nikahesabu tena, zikawa nane. Wenzake watatu waliokotwa wakiwa hai. Papa yako hakuonekana, mpaka leo. Tumemlilia bila mwili.

Barua yako ya wimbo ilifika tukiwa bado matangani. Papa hakuisikia. Casimir akawauliza wale watatu kipande cha mwisho. Wamesema hakina maneno. Nyavu zikishapanda, kila mtu kwenye kila taa anataja jina lake, anasema «niko», ili wengine wajue hakuna aliyeanguka. Ndicho kipande chenyewe.

Mama


Ukingoni mwa mto, 10 Septemba 2024

Mama yangu,

Sijui nianze na salamu gani. Nakusalimu tu.

Nilipanda mpaka kwenye ngazi za kanisa, nikakaa, nikafungua. Nimesoma mara nyingi na bado sielewi. Juni nzima nilikuwa nawachezesha watu kwa wimbo wake, naye alikuwa ameshakwenda. Nilikukasirikia, Mama, sikufichi. Kisha nikakuona umesimama mchangani unahesabu mara ya pili, na hasira ikaisha.

Jioni honi ya meli ililia, sikupanda. Nimemwambia mkubwa nimefiwa, nitawafuata kwa treni kesho kutwa. Tangu nianze kazi sijawahi kuiona meli yetu usiku kutoka nje. Ilipita inawaka yote, piano inasikika mpaka huku, watu wametokeza madirishani. Nikajikuta nahesabu taa. Nilishindwa, ni nyingi mno, na hakuna hata moja iliyo ya Papa.

Basi nikaimba wimbo wake mpaka mwisho. Nikataja jina lake, Norbert, nikangoja kidogo. Mbwa wa mtu akabweka. Kisha nikataja langu.

Ketsia. Niko.


Swima, 14 Septemba 2024

Leo naandika tena kwa mkono wangu.

Georgette. Niko.

Na miguu yako, bado inavimba?

Mama yako